Nali si sifuri

Kabla sijamwona kwa macho nilikuwa nimeshaambiwa mengi. Wiki ya kwanza ya mwaka wa pili, Oktoba 2011, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alikuja chumbani kwetu hosteli, akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kuanza kuhesabu kwa vidole. Haji na slaidi. Hatoi desa, zile noti za kunakili. Mlango anaufunga saa mbili na dakika tano asubuhi, na ukishafungwa umefungwa. Kwenye mtihani wake unaandika programu kwa kalamu, kwenye karatasi, kama insha.

"Somo lake ukilipita, mdogo wangu, chuo umemaliza. Usipolipita utakeri, utalibeba na kulirudia mpaka mwaka wa mwisho."

Somo lenyewe lilikuwa miundo ya data, yaani namna za kupanga data ndani ya programu, kwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mhadhiri tulimwita Dokta Nali. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi waliotutangulia kwa sababu ya neno lililokuwa halimbanduki mdomoni. Katika lugha ya C, pointa ni kigeu, yaani kisanduku chenye jina cha kuwekea thamani, kinachobeba anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Pointa iliyo nali haionyeshi popote. Ukiifuata, kwa kawaida programu inakatika hapo hapo. Kila ulichomwonyesha Dokta, swali lake la kwanza lilikuwa hilo: "Na ikiwa nali je?"

Nimekuwa nikimfikiria sana tangu mwaka jana, kwa sababu ambayo nitaifikia. Kwanza nieleze alivyokuwa, maana maoni yetu juu yake yalikuwa mengi na karibu yote tuliyatoa mapema mno.

Siku ya kipindi cha kwanza kila mtu alikuwa bado anamzungumzia Steve Jobs, aliyefariki tarehe 5 mwezi huo. Dokta aliingia na chaki mbili mfukoni mwa shati, akafuta ubao wote hata pale palipokuwa pasafi, akaandika jina moja: Dennis Ritchie. Akauliza nani anamjua. Kimya. Tulikuwa zaidi ya watu mia, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Huyu bwana amekutwa amefariki nyumbani kwake wiki moja baada ya yule mnayemlilia," alisema. "Lugha mliyokuja kujifunza hapa aliiunda yeye, kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye na Ken Thompson ndio walioanzisha Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. Hizo simu na kompyuta mnazozisifia, chini kabisa zimekaa juu ya kazi yao. Simameni."

Tukasimama dakika moja. Baadaye akatuketisha, akageukia ubao na kuanza kuchora visanduku.

Mimi natoka Nzega. Kompyuta nilikuwa nimeigusa kwa mara ya kwanza mwaka wa kwanza chuoni, na laptopu sikuwa nayo. Bumu la Bodi ya Mikopo lilitosha chakula na kutoa kopi, basi. Darasa letu lilikuwa na vijana waliosoma shule zenye maabara za kompyuta, waliokuwa wakiandika programu tangu kidato cha pili, wamechanganyika na watu kama mimi tuliotoka PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, tukiwa tumeiona kompyuta kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Dokta hakuonekana kuijua tofauti hiyo. Alifundisha kwa kasi moja. Hilo tulililalamikia, na mpaka leo naona tulikuwa na haki.

Halafu ule ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mabwawa yalikuwa yamekauka, Mtera ikitajwa kila siku redioni, na mtaani jenereta zilikuwa zinanguruma kutwa. Hata pale makali yalipopungua, hukuweza kupanga kazi ya maabara ukawa na hakika utaimaliza. Mwakilishi wetu wa darasa alitumwa akaombe tuongezewe siku za kazi ya kwanza kwa sababu umeme haukuwepo wikiendi nzima. Alirudi na jibu ambalo lilisambaa hosteli zote kabla ya jioni: "Waambie programu haiandikwi kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta inachapwa tu. Karatasi zipo, mishumaa ipo."

Usiku ule tulimsema vibaya. Mmoja alisema mzee ana jenereta nyumbani, ndiyo maana. Mwingine akasema amesoma Ulaya na anatulipizia tabu alizoziona huko. Hatukuwa na ushahidi wa hata moja kati ya hayo. Lakini ndivyo maoni ya wanafunzi yanavyozaliwa: mtu ana njaa, kuna giza, na kazi inatakiwa Jumatatu.

Tukakaa na mishumaa tukaandika. Unaandika mstari, kisha unachora pembeni kila kigeu na thamani yake, unakata ya zamani, unaandika mpya. Ukikosea huna kitufe cha kubonyeza kikuambie umekosea wapi. Unarudi juu kabisa, unaanza kupita tena kwa kidole.

Jaribio la kwanza lilikuwa na swali moja tu la alama 15: andika programu ya kutafuta namba katika orodha iliyokwisha kupangwa, kwa kuigawa katikati kila mara. Wazo hilo anaweza kulieleza hata mtoto. Unatafuta jina kwenye daftari la mahudhurio lililopangwa kwa alfabeti, unafungua katikati, jina lako likiwa mbele ya hapo unaitupa nusu ya nyuma, na unaendelea hivyo. Majina milioni moja yanakwisha kwa hatua 20 hivi. Alitupa dakika 20. Mimi nilimaliza mapema nikatoka nimefurahi.

Nilipata 4. Wengi walipata chini ya 6. Aliporudisha karatasi kelele zilikuwa kubwa, kwa sababu kila mmoja aliamini ameandika kitu sahihi. Dokta akaziacha zipungue zenyewe, akaanza kusimulia. Wazo lile, alisema, lilichapishwa mwaka 1946. Programu ya kwanza kuchapishwa iliyokuwa sahihi kwa orodha za ukubwa wowote ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zaidi ya miaka kumi. Halafu mwaka 2006 mhandisi Joshua Bloch akatangaza kwamba hata ile iliyokuwa ikitumika ndani ya lugha ya Java kwa miaka ilikuwa na kosa. Ili kuipata katikati unajumlisha mwanzo na mwisho kisha unagawa kwa mbili; orodha ikizidi vitu bilioni moja hivi, jumla hiyo inaweza kuvuka 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 32 zenye alama ya chanya na hasi, na ikivuka inageuka kuwa hasi. Programu inaanza kutafuta mahali ambapo hapapo.

"Waliokosea wana akili kuliko mimi," alisema. "Kwa hiyo sikasiriki mkikosea. Ninachokasirika ni kwamba mlimaliza dakika ya sita, mkaweka kalamu chini, mkaanza kuangaliana."

Mimi nilikuwa mmoja wa waliomaliza dakika ya sita. Nakumbuka namna uso ulivyonipata moto.

Kilichoogopwa kuliko majaribio ni kule kuitetea kazi ofisini kwake. Kila kazi uliyokusanya, unaitwa peke yako, dakika kumi. Mezani kwake hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na penseli, ufutio, na rundo la karatasi zilizotumika upande mmoja. Hakukuuliza programu yako inafanya nini. Alifuta mstari mmoja na kukwambia uuandike upya, au alibadilisha sharti moja dogo na kukwambia uifuate mpaka mwisho.

Kazi ya tatu ilikuwa ya orodha ya mnyororo, ile tuliyoiita linkidi listi: kila kipande kinabeba data na anwani ya kipande kinachofuata. Sehemu ya kufuta kipande nilikuwa nimeidesa kwa rafiki yangu. Nilikuwa nimebadilisha majina ya vigeu na nafasi za mistari, nikaamini imetosha.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa. Futa cha kwanza."

Nikaandika ninavyokumbuka: kwanza nakiachia kipande, kisha nasogea kwenye kinachofuata. Hakusema kwamba nimekosea. Alichukua karatasi moja akaichana vipande vinne, akaandika namba juu ya kila kimoja, na chini ya kila kimoja akaandika namba ya kinachofuata. Vitatu akavisambaza: kimoja akakiweka chini ya kitabu, kimoja mfukoni mwake, kimoja ndani ya droo. Cha kwanza akanipa mkononi.

"Fanya ulichoandika. Cha kwanza kiondoe."

Nikakichana.

"Kitupe."

Nikakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Haya, nenda kwenye kinachofuata."

Nikanyanyua mkono, nikauacha hewani. Anwani ya kinachofuata ilikuwa imeandikwa kwenye kile kikaratasi nilichokichana. Nilijua vipo vitatu, nilijua vimo humo chumbani, na sikuwa na njia ya kuvifikia. Alinitazama kwa muda, wala hakuwa na hasira. Baadaye aliniambia, kwa sauti ya chini kabisa: "Shika anwani kwanza, ndipo uachie. Hili umelinakili. Nani kakuandikia sitaki kujua. Alama 2. Rudi Alhamisi, utapata nyingine ukizistahili."

Alhamisi nilirudi. Nilipata 7. Na tangu siku ile, kila ninapofuta kitu chochote, hata faili, hata namba ya simu ya mtu, mkono wangu unasita kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Tulikuwa na dada mmoja darasani, ametokea Masasi. Jina lake silitaji. Alikaa upande wa dirishani, safu ya tatu, na alikuwa na daftari lililopangika kuliko yote niliyowahi kuona. Hali yetu ilifanana: hana laptopu, hana mtu wa kumwelekeza, anasoma kwa msuli tu. Wiki ya sita Dokta alimwita ubaoni aandike namna ya kugeuza orodha nyuma mbele. Akaandika mistari minne, akasimama. Dokta akamuuliza swali lake lile lile. Akanyamaza. Akamuuliza tena. Akazidi kunyamaza, chaki mkononi, mgongo kwetu.

"Binti," Dokta akasema, "nadhani umepotea njia. Hapa si mahali pa kubahatisha."

Darasa likacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu safari ile haikuwa zamu yangu, na hilo ndilo ninalolionea haya kuliko kudesa.

Aliendelea kuja wiki mbili zaidi, akakaa nyuma. Kisha kiti chake kikawa kitupu. Tulisikia amehamia kozi nyingine, baadaye tukasikia ameacha chuo kabisa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Majaribio yalikuwa yanakuja.

Watu watauliza kama Dokta alikuwa mkatili. Sijui namna ya kulijibu kwa neno moja. Desemba ile, mvua zilipolifurika jiji na bonde la Msimbazi likawa ziwa, wanafunzi waliotoka makwao hawakuweza kupita Jangwani. Siku ya kukusanya kazi ilikuwa imewadia. Dokta alikuja darasani, akaona nusu hawapo, akasema kazi itangoja, nendeni mkaangalie watu wenu, na asiye na pa kulala aje ofisini kwangu tuongee. Hakufunga mlango siku hiyo. Aliyesema maneno yale ni yule yule aliyesema ya ubaoni. Sitaki kumpunguza upande wowote.

Wiki ya mwisho ya muhula, karani wa idara alileta fomu za tathmini ya mhadhiri. Maswali kama kumi, unazungushia namba kuanzia 1 mpaka 5. Je, mhadhiri anafika kwa wakati? Je, anafafanua vizuri? Je, anawaheshimu wanafunzi? Je, ungelipendekeza somo hili kwa mwenzako? Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu ya maoni. Dokta alitoka nje, na sisi tulijaza kwa dakika kumi, wengine kwenye mapaja, tukichunguliana kama tulivyozoea. Jirani yangu aliandika: "Anajua sana lakini hafundishi, anakamata." Wengine waliliona wakalinakili. Mimi niliandika langu, na nalikumbuka neno kwa neno: "Mhadhiri anafurahia wanafunzi wakifeli."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilikuwa na alama 19 kati ya 40 za kozi, na sapu, mtihani wa marudio, nilikuwa naiona inakuja. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C. Niliruka ruka kule mbele ya ubao wa matangazo kama mtu aliyefunga bao.

Yapo mambo ambayo fomu haikuyauliza, na sisi hatukuyasema. Karatasi zetu zote, na tulikuwa wengi, alizirudisha ndani ya wiki moja, kila moja ina maandishi ya penseli pembeni, hata ya aliyepata sifuri; huyo ndiye aliyeandikiwa mengi zaidi. Wahadhiri wengine tuliowapenda walirudisha alama baada ya miezi miwili, bila neno. Zile dakika kumi kumi za kila mmoja wetu, mara nne kwa muhula, ni saa ngapi za mtu? Hatukuzihesabu.

Mwaka 2014 nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo inayounganisha maduka na malipo ya simu. Kazi yetu ilikuwa kukaa katikati: duka linaomba fedha ipelekwe kwa msambazaji, sisi tunatuma ombi kwenye mtandao wa simu, mtandao unajibu imepita au imekataa, sisi tunaandika. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi simu zikaanza kuingia. Wasambazaji kadhaa walikuwa wamelipwa mara mbili. Wenye maduka walikuwa wanalia, na wana haki, maana kwa duka la mtaani mzigo mmoja ndio mtaji wote.

Wakubwa wangu walitazama rekodi, wakaona ombi la kwanza limeandikwa "imeshindikana," la pili "imepita." Wakasema tatizo liko upande wa mtandao: wamekataa, kisha wamelipa. Saa nne usiku nilikuwa bado ofisini. Nikachukua karatasi, nikachora visanduku, nikaanza kulifuata ombi moja kwa kidole, mstari kwa mstari, kama wakati ule wa mishumaa.

Programu yetu ilikuwa inatuma ombi na kusubiri sekunde 30. Jibu likija imepita, inaandika imepita. Vinginevyo inaandika imeshindikana, kisha inatuma upya. Lile "vinginevyo" ndilo nililolikodolea macho. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili: mtandao umejibu hapana, na mtandao haujajibu. Usiku wa mwisho wa mwezi, laini zikielemewa, jibu linachelewa. Fedha imeshakwenda, jibu liko njiani, na sisi tumeshaandika kwamba haikwenda.

Nilimsikia Dokta kabisa. Alikuwa akilisema kila wiki, mara nyingine akiligonga ubaoni kwa chaki: "Sifuri ni thamani. Nali ni kutokuwa na pa kwenda. Nali si sifuri." Asiyejibu hajasema hapana.

Tukaongeza hali ya tatu, "haijulikani," na ombi lililoingia humo halikurudiwa mpaka tuulize kwanza limefikia wapi. Tena kila ombi tukalipa namba yake moja isiyobadilika, ili hata likitumwa mara tano mtandao ulitambue kuwa ni lile lile. Ukiyasoma hapa ni mambo mepesi. Kuwarudishia watu fedha zao kulichukua wiki tatu.

Nilimkuta Dokta miaka kadhaa baadaye, Mlimani City, amekaa nje na mjukuu wake anayekula aiskrimu. Alikuwa ameshastaafu. Nilimwamkia, akauliza mwaka gani, nikamwambia. Nikamsimulia kisa cha malipo, na akataka kukijua chote: tulisubiri sekunde ngapi, namba ya ombi tuliitengeneza wapi, ikiwa seva imezimika baada ya kutuma na kabla ya kuandika je? Hilo la mwisho lilinikamata. Tulikuwa hatujalifikiria.

Nikapata ujasiri nikamuuliza kama alikuwa akizisoma zile fomu.

"Zote. Idara ilikuwa inataka wastani tu. Mimi nilisoma maneno." Akamfuta mjukuu mdomo. "Mengi yalikuwa ya kunakiliana. Lakini kuna mmoja aliandika nafurahia mkifeli. Hilo nilikaa nalo muda mrefu. Nilijiuliza ameliona wapi."

Sikumwambia ni mimi. Nilitaka, maneno yakakwama. Badala yake nikamuuliza kuhusu yule dada wa dirishani. Nilidhani hatamkumbuka. Akakaa kimya kwa muda.

"Mwenye daftari zuri," akasema. "Nilidhani namwamsha."

Hakuongeza kitu, nami sikumkaza.

Mwaka jana nilianza kufundisha jioni, mara mbili kwa wiki, katika chuo kidogo, somo lile lile. Nimeichukua karatasi ya Dokta, penseli yake, na dakika kumi za ofisini. Neno "umepotea njia" sijalichukua, na hakuna ninayemwita ubaoni peke yake. Wanakuja wawili wawili, na aliyekwama anaruhusiwa kukaa bila kutoa maelezo. Nilijiona nimeshalitatua. Muhula ulipoisha nikapewa bahasha ya fomu. Wastani ulikuwa mzuri. Katika orodha yangu ya mahudhurio, hata hivyo, walioanza walikuwa 38 na fomu zilikuwa 29. Nilizihesabu mara mbili. Wale tisa hawakuniona mbaya wala mzuri kwa mujibu wa wastani ule. Hawakuwemo.

Nikaanza na namba za simu. Watano walipokea. Wawili walikuwa wamekosa ada, mmoja alikuwa amepata kazi Dodoma, mmoja alikuwa anauguza mama yake. Wa tano alisema, kwa adabu sana, kwamba zile dakika kumi zilikuwa zinamkosesha usingizi tangu siku tatu kabla, na kwamba hakujua kama anaruhusiwa kuniambia. Tumepanga aje muhula huu, na mara ya kwanza tutaanza na kazi ambayo haina alama.

Baada ya simu zile niliitafuta namba ya yule dada. Ilinichukua karibu mwezi, kupitia watu wawili wa Masasi na mmoja wa Lindi. Alimalizia shahada yake kwingine, ya takwimu, na sasa anafanya kazi ya data ya afya mkoani. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko. Alisema hakuwa amejua nani alicheka na nani hakucheka, kwa sababu alikuwa ametugeuzia mgongo, ila amefurahi kwamba mmoja amepiga simu. Nikamwomba jambo moja zaidi. Yale maswali ya fomu nilikuwa bado nayakumbuka. Nikamwandikia kwenye WhatsApp, nikamwambia yeye ndiye hakupewa, ajibu akitaka.

Alijibu baada ya siku nne, na hakutumia namba 1 mpaka 5.

Je, mhadhiri anafika kwa wakati? "Alifika kabla yetu, kila siku. Nilikuwa namkuta."

Je, anafafanua vizuri? "Ndiyo. Daftari ninalo mpaka leo, nimelitumia kazini."

Je, anawaheshimu wanafunzi? "Kazi yangu aliiheshimu. Alisoma kila mstari. Mimi, hapana."

Je, ungelipendekeza somo hili kwa mwenzako? Hapo alikuwa ameandika, akafuta, akaandika tena. Niliona alama za ujumbe uliofutwa. "Mdogo wangu wa mwisho anaanza kompyuta mwaka huu. Angekuwepo yule mzee ningempeleka kwake. Lakini siku ya kwanza ningeingia naye, nikakaa pembeni yake."